Alhamdulillah Yetu Katika Karatasi ya Kituo cha Afya

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tunaandika haya tukiwa wawili, mke na mume, kwa sababu mambo yenyewe yametupata wawili. Pale itakapobidi kutenganisha tutasema "mama" na "baba", basi. Vituo vya afya tulivyopita hatutavitaja majina, wala wahudumu wake. Tulikubaliana hivyo kabla ya kushika kalamu, maana hatutaki kumuumbua mtu.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Mbale mwaka 2014. Tulikuwa wanafunzi pale Nkoma, katika Chuo Kikuu cha Kiislamu Uganda, chuo kilichofunguliwa mwaka 1988 na ambacho hukusanya vijana kutoka nchi nyingi, ndiyo maana Kiswahili husikika kwenye mabweni yake kuliko mgeni anavyotarajia katika mji wa Wagisu. Baba ni mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga. Mama ni Msoga wa Jinja. Tulikuwa tumeoana kwa mahari ndogo na tumepanga chumba kimoja, mlima Wanale unauona dirishani, na fedha zetu zote zinaingia kwenye bahasha moja.

Uchungu ulianza baada ya Isha. Tukachukua bodaboda (jina hili, kwa vijana wasiojua, lilizaliwa huku kwetu mashariki, kwa wale waliokuwa wakivusha watu kwa baiskeli pale mpakani Busia) mpaka kituo kilichokuwa karibu. Ada katika vituo vya serikali Uganda ziliondolewa tangu Machi 2001, lakini kila mzazi anajua kwamba unakwenda na mfuko wako: glavu, pamba, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, na ile plastiki ya kulalia inayoitwa kaveera. Baba alibeba mfuko, akabeba na dumu la maji, akaambiwa asubiri nje.

Mama anasema jambo analolikumbuka zaidi si maumivu. Ni mlango. Kitanda kilikuwa kinatazamana na mlango, pazia hakuna, na watu wanapita, wanaume kwa wanawake. Hijabu yake ilikuwa imeanguka chini pamoja na nguo nyingine. Alipoomba leso yake ajifunike miguu alijibiwa neno ambalo akina mama wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kulisikia wakiwa katika hali ile, neno la kumkumbusha mwanamke jinsi mimba ilivyopatikana. Hatuliandiki hapa, ukurasa huu unasomwa na watoto.

Mtoto akazaliwa kabla ya adhana ya Alfajiri. Msichana, analia vizuri. Baba akaruhusiwa kuingia, akamwadhinia sikioni, sauti inatetemeka. Kuanzia hapo hakuna aliyemgusa mama tena. Hakuna aliyekuja kuangalia damu, wala kubonyeza tumbo, wala kupima presha. Saa nne asubuhi tukaambiwa twende, kitanda kinahitajika.

Sasa ndipo ilipokuja karatasi. Tukiwa tunasubiri kuandikiwa ruhusa alifika kijana mmoja mwenye koti jeupe, mpole sana, ameshika ubao wenye karatasi za maswali. Alisema wanapima kiasi gani akina mama wanaridhika na huduma baada ya kujifungua. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza, naye akayatafsiri papo hapo, nusu Kiganda nusu Kiswahili. Umeridhika kiasi gani na jinsi wahudumu walivyozungumza nawe? Na usafi? Na sitara yako? Na maelezo uliyopewa? Moja ni "sijaridhika kabisa", tano ni "nimeridhika sana". Yule muuguzi wa usiku alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, anaandika kwenye daftari kubwa. Mama hakujua kama karatasi ya kijana na karatasi ya ruhusa ni mambo mawili tofauti. Tena alikuwa na mtoto mzima kifuani. Kila swali alijibu "Alhamdulillah", na kila Alhamdulillah kijana aliiandika tano. Hata kwenye swali la sitara.

Siku ya tatu usiku mama alianza kutetemeka. Tulidhani malaria, kwa kuwa huku kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, tukanunua dawa ya malaria. Siku ya tano kulikuwa na harufu ambayo hatukuweza tena kujidanganya nayo. Jirani yetu, mama mtu mzima wa Kigisu, aliingia, akamshika paji la uso, akatugeukia sisi wasomi wa chuo kikuu na kutwambia kwa ukali: hii si malaria, ondokeni sasa hivi. Kwenye hospitali nyingine walikuta kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani na sumu imeshaingia kwenye damu. Alisafishwa, akachomwa sindano siku nyingi. Daktari hakutufokea. Aliuliza tu: "Hamkuambiwa dalili za hatari?" Hatukuambiwa. Usiku ule, mirija ikiwa mkononi, mama aligeuka akasema: "Lile swali la maelezo. Nilimpa tano."

Ndugu wasomaji, neno hili lilitukaa rohoni kuliko ugonjwa wenyewe. Karatasi ile ilikwenda mahali. Ilihesabiwa pamoja na nyingine. Huenda iliingia kwenye ripoti inayosema akina mama wa Mbale wameridhika sana. Je, mama alisema uongo?

Tulimuuliza sheikh mmoja tuliyesoma kwake. Alicheka kidogo, kisha akasema Alhamdulillah ile ilikuwa baina ya mja na Mola wake, na kijana aliuliza habari za muuguzi. Aliyekosea hapo ni nani? Alituachia swali. Nasi tumelifikiri miaka mingi, na tumeona kwamba neno lenyewe "kuridhika" lina mtego kwa mtu anayezungumza lugha yetu. Linatokana na ridhaa. Na ridhaa kwa Muislamu ni daraja ya imani, ni kukubali alilolipitisha Allah (S.W.). Mwanamke wa Kiislamu aliyepewa mtoto hai saa chache zilizopita, ukimuuliza "umeridhika?", unamuuliza kuhusu Mola wake hata kama hukukusudia. Atajibu nini zaidi ya ndiyo? Kwa Kiganda husemwa okumatira, na neno hilo halina uzito huu wa dini. Mtafsiri wa papo hapo hawezi kuyapima hayo akiwa amesimama kando ya kitanda.

Halafu kuna hofu. Anayeulizwa yumo bado ndani ya nyumba ya anayeulizwa habari zake. Atarudi hapo kwa chanjo ya mtoto, atarudi kwa mimba nyingine, na wahudumu wanamjua sura.

Katika hili baba alipata ushahidi kutoka kwao. Huko Korogwe na Muheza kulifanyika mradi wa utafiti ulioitwa Staha, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014. Wanawake 1,779 waliojifungua katika vituo vya afya mkoani Tanga waliulizwa wakati wanatoka kama walitukanwa, walipigwa, waliachwa peke yao au walivunjiwa heshima kwa namna nyingine. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 19 na kitu. Kisha wanawake 593 miongoni mwao walifuatwa majumbani, wiki 5 mpaka 10 baada ya kujifungua, wakaulizwa tena. Mara hii waliosema ndiyo walikuwa asilimia 28. Kujifungua ni kule kule. Kilichobadilika ni mahali pa kuulizia na siku zilizopita. Kenya nako kulikuwa na mradi wa namna hiyo, ukaitwa Heshima, na katika vituo 13 mwanamke mmoja kati ya watano alisema alivunjiwa heshima. Staha na Heshima: watafiti walipotafuta jina la kitu kinachokosekana wodini walilikuta limo ndani ya Kiswahili.

Baba aliposoma zile takwimu za Tanga alimpigia simu mama yake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, mlangoni kwa mtu husemi chakula kibaya."

Tusiwaonee watafiti. Kupima moyo wa mtu ni kazi ngumu, na wenyewe wanajua. Zile namba moja mpaka tano zilianzishwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932, na tangu wakati huo watu wamejifunza mengi juu ya udhaifu wake. Mizani nzuri ya maswali haitegemei swali moja. Huuliza jambo lile lile kwa njia kadhaa, nyingine kwa kugeuza, ili anayejibu tano kila mahali ajulikane kwamba hakujibu kitu. Maswali hutafsiriwa na mtu mmoja, kisha mtu mwingine asiyeyajua ya mwanzo huyarudisha kwenye lugha ya kwanza, waone kama yamerudi yale yale. Hujaribiwa kwa akina mama wa pale pale, maana maswali yaliyotungwa Uingereza, ambako mkunga huja kumtembelea mzazi nyumbani, hayawezi kutua Mbale kama yalivyo. Na wapo walioacha namba kabisa. Mwaka 2018 lilichapishwa andiko la watafiti waliozungumza na akina mama waliojifungua katika hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mbale, wakawauliza yaliyowapata na maana waliyoyapa. Kazi kama hiyo ni ya polepole na haitoi asilimia, lakini mtu husema habari yake kwa maneno yake.

Kuna kisa kimoja cha zamani tunachokipenda. Katika hospitali kuu ya Vienna, miaka ya 1840, kulikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Katika wodi ya kwanza mama mmoja kati ya kumi hivi alikuwa akifa kwa homa ya uzazi, na katika ya pili vifo vilikuwa chini ya nusu ya hapo. Daktari Ignaz Semmelweis ndiye aliyeonyesha mwaka 1847 kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia kuzalisha kwa mikono ile ile, na kwamba wakiosha kwa maji ya klorini vifo vinashuka. Historia humpa sifa yeye, na anastahili. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba wanawake walikuwa wakipiga magoti na kulia wasipelekwe wodi ya kwanza. Walikuwa wameshapima! Kutoridhika kwao kulikuwa na habari ndani yake ambayo madaktari hawakuwa nayo, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza.

Na sisi wa leo? Takwimu za kitaifa za Uganda zinaonyesha jambo la kushukuriwa kwa kweli. Mwaka 2011 watoto 57 kati ya 100 walizaliwa katika vituo vya afya, mwaka 2016 wakawa 73, mwaka 2022 wakafika 91. Vifo vya akina mama vilikadiriwa 438 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2011, na 189 mwaka 2022. Hayo si madogo. Lakini angalieni na hii: mwaka 2016 akina mama waliochunguzwa ndani ya siku mbili baada ya kujifungua walikuwa 54 kati ya 100. Yaani wengi walifika mlangoni, wakazaa, wakaondoka kama alivyoondoka mama wa kwetu. Hatari haiishi mtoto anapolia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2013, na likarudia mwaka 2022, kwamba mama aliyejifungulia kituoni abaki saa 24 angalau, aangaliwe damu, tumbo la uzazi, joto na mapigo ya moyo, apimwe presha mara tu baada ya kuzaa na tena kabla ya saa sita kupita, kisha aonwe tena siku ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Wiki ya sita, kwetu Waislamu, ni karibu na arobaini. Tungeweza kuikumbuka kwa urahisi kuliko watu wote.

Mtoto wa pili alizaliwa Jinja mwaka 2019. Tulikuwa tumehamia upande wa kina mama, karibu na mto Nile unapoanzia safari yake. Safari hii mama alikuwa amesoma, amejua haki zake, na ameingia na orodha kichwani. Tulimpata muuguzi ambaye hatutamsahau. Alipofika kitandani jambo la kwanza alivuta leso akamfunika mama magoti bila kuombwa. Baada ya mtoto kutoka alirudi kila mara kubonyeza tumbo na kuangalia damu, tena anatuambia anachokifanya. Alimletea maji. Alikaa kitandani akahesabu dalili za hatari kwa vidole, kwa Kisoga, mpaka mama akazirudia zote. Mama alikumbuka Bibi Maryam katika sura yenye jina lake, aya ya 23 mpaka ya 26: jinsi uchungu ulivyompeleka kwenye shina la mtende mpaka akatamani kufa, na jinsi alivyopewa kwanza neno la kumtuliza, kisha maji, kisha tende, akaambiwa ale, anywe na atulie. Sisi tuliisoma sura ile toka utotoni na hatukuwahi kuona kwamba ndani yake kuna huduma ya mzazi, kwa mpangilio wake.

Lakini choo cha wodi hakikuwa na maji. Dawa moja tuliambiwa tukanunue nje. Na karatasi ya ruhusa ilichukua saa nyingi, mama amekaa kwenye benchi, mshono unamuuma.

Na karatasi ya kuridhika ikaja tena, safari hii ina picha za nyuso, za kucheka na za kununa. Swali lilikuwa moja tu: kwa jumla, umeridhika kiasi gani? Mama akakumbuka ile tano ya Mbale, akasema hatarudia dhambi ile. Akachagua uso wa katikati, usiocheka wala kununa. Tatu. Tulijiona waadilifu sana.

Yule muuguzi ndiye aliyepita kukusanya karatasi. Akaitazama. Akaitazama tena. Akauliza polepole: "Nnyabo, nimekukosea nini?"

Hatukuwa na jibu. Mama alianza kueleza habari za maji na benchi, naye akasema ameelewa, akapokea karatasi na kwenda zake. Alikuwa amefanya kazi usiku kucha, na wazazi waliokuwa mikononi mwake usiku ule walikuwa wengi kuliko anavyoweza mtu mmoja. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah, na sisi tulimpa tatu kwa sababu ya bomba la choo.

Basi hesabu yetu ni hii: huduma mbovu tuliipa tano, huduma nzuri tukaipa tatu. Mtu akizitazama karatasi zetu mbili atasema Mbale ya 2014 ilikuwa bora kuliko Jinja ya 2019. Wataalamu hueleza kwamba kuridhika hupimwa dhidi ya matarajio. Aliyetarajia matusi akatukanwa haoni ajabu. Aliyefundishwa kutarajia mema huona kila upungufu. Kwa hiyo namba inaweza kushuka huku huduma ikipanda, na ikapanda huku watu wakiumia. Na swali moja la "kwa jumla" huchanganya mkono wa muuguzi na bajeti ya maji.

Tangu hapo tumekuwa na rai, na tunaitoa kwa wanafunzi wetu wa Nkoma na wale wa udaktari na uuguzi pale Mbale na Jinja ambao huenda siku moja watapewa ubao wenye karatasi. Usimuulize mama ameridhika kiasi gani kabla ya kumuuliza kilichotokea. Je, kuna mtu aliyekuja kuangalia damu katika saa ya kwanza? Ulipimwa presha? Uliambiwa dalili zipi za kurudi, hebu zitaje. Kulikuwa na pazia? Kulikuwa na maji chooni? Kuna aliyekuambia neno lililokuumiza? Haya hayajibiki kwa Alhamdulillah. Na ikiwezekana muulize nyumbani, baada ya siku kadhaa, awe anaulizwa na mwanamke mwenzake asiyevaa koti la kituo.

Wapo ndugu watakaosema kulalamika ni kukosa subira, au ni kusengenya. Tumeambiwa hivyo usoni, tena na mtu tunayemheshimu. Tunamjibu kwa adabu. Katika Surat An-Nisaa aya ya 148 aliyedhulumiwa ametolewa katika katazo la kutangaza mabaya. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 135, tumeamrishwa kusimama na ushahidi wa haki hata juu ya nafsi zetu. Na Khawla bint Tha'laba (r.a.) alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumlalamikia mumewe, hakuambiwa anyamaze, ikashuka Surat Al-Mujadila, na mwanzo wake unasema kwamba Allah amemsikia. Hata mahakama za nchi zimesikia. Kesi namba 16 ya mwaka 2011, iliyotokana na vifo vya akina mama wawili hospitalini, ilitupwa mwaka 2012, ikarudishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2015, na tarehe 19 Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba. Miaka tisa. Familia zile hazikuchoka kusema.

Kwetu Jinja tumeanza jambo dogo. Darasa la akina mama la Jumamosi lina daftari. Mzazi akitoka arobaini, akina mama wawili humtembelea na sabuni na unga wa uji, na wakishakula huuliza yale maswali ya kilichotokea. Jina haliandikwi. Yanayojirudia hupelekwa kwa maneno ya upole kwenye kamati ya usimamizi wa kituo, na mazuri nayo hupelekwa, kwa jina la aliyeyafanya kama mzazi ameridhia. Hilo la mwisho mama ndiye aliyelisisitiza, na mnajua kwa nini. Pazia lilipojirudia mara nyingi, imamu alitangaza baada ya swala ya Ijumaa, na ikakusanywa sadaka ya kununua kitambaa na fimbo zake. Wanaume wawili watatu walinung'unika kwamba mambo ya wodi ya wazazi hayasemwi msikitini. Mmoja wao, tuliona, alitoa hata hivyo.

Yule muuguzi tulikwenda kumtafuta. Alikuwa amehamishwa, hakuna aliyeweza kutuambia wapi.

Mwezi uliopita akina mama wa darasa walikwenda kwa mzazi mmoja kijana, na mama mkwe wake alikuwa amekaa ukumbini anachambua maharage. Ana watoto saba, wengine aliwazaa nyumbani, wengine hospitali. Walipomaliza maswali na binti, bibi yule akasema: "Na mimi?" Wakadhani anatania. Akaweka sinia chini, akajifuta mikono, akaanza na yule wa kwanza. Ilipoadhiniwa Magharibi alikuwa bado yuko kwa wa nne, wakaswali wote pale pale, kisha akaendelea.